Yule staa aliyeoga maji ya baridi Karatu: moto niliuwasha mimi

Najua mnaingia humu kutafuta ubuyu, nani kaachana na nani, nani anaposti gari ambalo si lake. Leo ubuyu upo, ila umechanganyika na kuni na moshi, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Kila nikiweka stori ya staa bila kutaja jina mnanishukia kwenye komenti. "Admin muoga." "Admin anaogopa polisi." "Tupe jina bana, utamu unaishia hapo hapo." Sijawahi kujibu. Leo najibu, na jibu lenyewe linaanzia bafuni, Julai 2022, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa msanii mmoja ambaye wengi wenu humu mshawahi kuweka wimbo wake kwenye status.

Mimi kwetu Endamarariek, wilaya ya Karatu. Watu wa Dar nikiwatajia wanaishia "Enda..." halafu wanauliza kama hiyo ni Kenya. Ni Tanzania hii hii, mkoa wa Arusha, njia ya watalii wanaokwenda Ngorongoro kreta. Karatu mjini ni kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda mpaka ukingoni mwa kreta unafika kama mita 2,300. Kwa hiyo ile Afrika ya jua kali mnayoiona kwenye video, sisi kuanzia Juni mpaka Agosti tunaiangalia kwenye simu kama nyie. Alfajiri ukiongea unatoa mvuke mdomoni. Bibi yangu alikuwa na tembe, ile nyumba yetu ya Wairaqw yenye kuta nene za udongo na udongo mpaka juu ya paa, na usiku mle ndani mlikuwa na joto la kutosha kabisa. Tulipohamia kwenye nyumba ya bati tukaona tumeendelea. Usiku wa kwanza wa Julai kila mtu alilala na soksi, na hakuna aliyemwambia bibi kitu.

Nilimaliza kidato cha nne 2017. Matokeo nayajua mimi na mama. Nikauza vocha, nikapiga debe stendi, corona ikaja ikafagia kila kitu. 2022, mwaka ilipotoka filamu ya The Royal Tour, wageni wakaanza kurudi kwa wingi, na mimi nikapata mchongo kwenye lodge moja juu kidogo ya mji. Jina nalihifadhi. Vyumba vinane. Kazi: mtu wa boila.

Mkisikia boila msifikirie mtambo wenye taa za kijani. Ni mapipa, yale ya mafuta ya lita 200. Yetu yalikuwa matatu, yamelazwa juu ya tanuri la matofali nyuma ya jiko. Kuni chini, maji ya baridi yanaingia pipani kwa bomba la chini, ya moto yanatoka kwa bomba la juu kwenda vyumbani. Wazee wanaiita Tanganyika boiler, ipo tangu enzi za mkoloni, na mpaka leo kambi na lodge nyingi zinaogesha wageni kwa hiyo. Mgeni analipa dola, anafungua koki inayong'aa, hajui kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu macho mekundu anapuliza makaa.

Tulikuwa wawili. Mimi nilishika jioni, kuanzia saa kumi mpaka saa nne usiku. Wageni wakirudi na vumbi lao wanaoga, wakimaliza najaza mapipa upya na kuweka moto wa kulala, yaani magogo makubwa ya mkaratusi yanayoungua polepole usiku kucha. Halafu saa tisa usiku anaamka mwenzangu, anachochea, maji yawe tayari saa kumi na moja wageni wanapoamka ili wawahi kushuka kreta.

Mwenzangu tulimwita Ako. Kwa Kiiraqw ako ni babu. Mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa Endamarariek pia, alikuwa na ile boila kabla lodge haijawa na wifi. Hakuwa na kipimo chochote. Kila jioni kabla hajaenda kulala alikuwa anapita kwangu, anasimama uwanjani, anaangalia juu, anaangalia upande wa msitu, halafu anasema, "Leo weka nyingi," au "Leo bana." Basi. Nami naweka.

Sasa hapa niwape kitu ambacho sikukijua wakati ule, kwa sababu bila hicho stori haiji. Moto wa boila una ujinga mmoja: unachelewa. Ukiona maji yamepoa na ukaweka kuni saa hiyo, joto litafika baada ya saa mbili, na mgeni hasubiri saa mbili akiwa na sabuni machoni. Kwa hiyo mtu wa boila saa kumi na mbili jioni anatakiwa ajue alfajiri itakuwaje. Na baridi ikizidi, haikupigi mara moja, inakupiga mara tatu. Mabomba yanayopita nje yanapoteza joto zaidi njiani. Maji ya kwenye simtanki juu ya mnara nayo yanapoa, kwa hiyo pipa linaanza chini zaidi. Halafu kuna ile ambayo hakuna anayeifikiria: kuchanganya. Tuseme pipani maji yana nyuzi 60, mgeni anataka kuoga ya nyuzi 40. Kama ya baridi yana nyuzi 20, kwenye ndoo ya lita 10 anachukua lita 5 za moto. Yakishuka mpaka 12, anachukua karibu 6. Kila mtu anakunywa pipa zaidi bila kujua, na wa mwisho anakuta hewa.

Ako alikuwa anajua yote hayo kwa shingo yake. Mimi nilikuwa najua YouTube.

Tatizo lingine lilikuwa meneja. Bei ya lori la kuni ilikuwa imepanda, akaanza kuhesabu magogo. Kila Jumatatu kikao, nani katumia ngapi. Mimi kijana, nataka nionekane. Nikawa nawaza, hivi kweli mwaka 2022 tunaamua moto kwa mzee kuangalia mawingu?

Ndipo nikamsikiliza dada. Huyu ni mtoto wa mama mkubwa, anaishi Coventry, Uingereza, anatunza wazee. Kwa wale mnaodhani ughaibuni ni kula bata, mwaka huo baada ya vita ya Urusi na Ukraine kuanza bili zao za gesi zilipaa, na dada yangu voice note zake zote zilikuwa za gesi. Kule nyumba inapashwa joto na boila moja ya gesi, inachemsha maji yanazunguka kwenye mabati bapa ya ukutani, wanayaita redieta kama za gari. Mwezi wa sita akaniambia, "Mdogo wangu, wewe si mtu wa boila? Sikia hii." Fundi alikuwa amekuja kuwaongezea kidude, kadogo kama kiberiti cha kukaangia mandazi (maneno yake), kinapigiliwa nje ya nyumba kwenye ukuta, waya unarudi kwenye boila. Kazi yake kuiambia boila huko nje baridi ni kiasi gani.

Zamani, alisema, boila yao ilikuwa inachemsha maji mpaka nyuzi 75, iwe nje kuna theluji au jua. Chumba kikipata joto inazima, kikipoa inawaka tena kwa nguvu zote. Ni kama dereva wa daladala, gesi mpaka mwisho, breki mpaka mwisho. Sasa kidude kikisema nje ni nyuzi 10, maji yanakwenda kwenye redieta na 45 tu, moto mdogo, muda mrefu. Nje ikishuka chini ya sifuri, yanapanda mpaka 60. Fundi anapanga huo mpandisho kwenye boila: nje ikishuka hivi, maji yapande hivi. Wakiona nyumba haifikii joto wanaongeza kidogo, ikizidi wanapunguza, wanaiacha siku mbili tatu waone. Na gesi inapungua kwa sababu hizi boila zao za kisasa zinavuna joto mpaka kwenye moshi: maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke uliomo kwenye moshi unageuka maji na kuacha joto lake humo humo ndani. Ukirudisha maji yanayochemka, huo mvuke unatoka nje na hela yako.

Kilichonishika si hela. Ni hilo neno alilosema fundi wake, kwamba kipimo cha ndani kinasubiri mpaka wewe uhisi baridi, hiki cha nje kinaiona baridi ikiwa bado iko njiani. Nikasema huyu si Ako huyu? Ako mwenye waya.

Nikamuuliza dada fundi alikipigilia wapi. Akaenda kuangalia. "Ukuta wa kaskazini. Alisema lazima kaskazini, jua lisikipige."

Kesho yake nikaenda duka la pembejeo mjini nikanunua kipimajoto, vile vya wafuga vifaranga, elfu nane hela yangu mwenyewe. Nikakipigilia ukuta wa kaskazini wa stoo ya kuni. Nikachukua boksi la sabuni nikalichana, nikachora jedwali: nyuzi 20 na kuendelea saa kumi na mbili jioni, magogo 12. Nyuzi 16, magogo 16. Chini ya 14, magogo 20. Nikalibandika. Ako alikuja akasoma taratibu, akauliza, "Hiki kinajua?" Nikamwambia, "Ako, hiki ndicho wanachotumia Uingereza." Akatikisa kichwa, ile ya heshima.

Wiki mbili za kwanza kilinitukuza. Ilikuwa wiki za mawingu, yale mawingu mazito ya Juni yanayokaa mpaka mchana. Kipimajoto kinasema 16, Ako anasema weka za katikati, tunakubaliana. Kikaoni meneja akanitaja kwa jina.

Halafu akaja staa.

Alikuja na watu saba, magari matatu, kamera, mshona nguo, na mtu ambaye kazi yake sikuielewa mpaka wanaondoka. Walikuwa wanakwenda kupiga video kreta. Tulipangwa mstari kumpokea. Aliniambia "poa mwanangu" na mimi nikaona maisha yamekamilika. Chumba chake kilikuwa kile cha mwisho kabisa, chenye veranda inayoangalia bonde. Chumba cha bei kubwa. Pia ni chumba chenye bomba refu kuliko vyote kutoka kwenye boila, ila hiyo haiandikwi kwenye brosha.

Siku hiyo mawingu yalikatika. Jua likawaka tangu saa nne asubuhi, kila mtu anafurahi, wapiga picha wanafurahi. Saa kumi na mbili jioni nikaenda kwenye kipimajoto. Nyuzi 24. Nikaangalia jedwali langu. Magogo 12.

Ako akapita. Akasimama uwanjani, akaangalia juu, hakuna hata wingu moja. Akasema, "Leo weka nyingi. Anga halijajifunika." Nikamwambia, "Ako, kipimo kinasema 24." Akaja mpaka kwenye stoo. Akakiangalia, akaniangalia. Akasema, "Haya," akaenda kulala.

Nikaweka 12.

Saa tisa usiku Ako alikuta majivu. Nilikuja kusikia baadaye jinsi alivyohangaika, alivunja mpaka kreti za soda kupata moto wa haraka. Nyasi nje zilikuwa nyeupe kwa umande wa baridi. Mapipa yalikuwa ya uvuguvugu, na saa kumi na moja koki zote zikafunguka kwa pamoja. Vyumba vya karibu vilipata kidogo. Cha mwisho kilipata dakika mbili, halafu staa akiwa na povu kichwa kizima yakaja ya simtanki.

Siwezi kumlaumu kwa kelele. Amelipa, amechoka, ana kazi. Mimi pia ningepiga kelele. Lakini yeye alikuwa na simu bafuni. Akajirekodi na povu lake, koki inamwaga, anatetemeka, anataja lodge kwa jina, anataja Karatu, na chini yake akaandika utani fulani kuhusu watu wa huko. Akaposti kabla hajakauka.

Nimeamka saa mbili simu inalia. Komenti zilikuwa zimeshafika maelfu. Fungieni hiyo lodge. Washamba wamepewa watalii. Na kuna moja, iliyopendwa na watu wengi sana, ilisema huyo mchemsha maji afukuzwe leo leo tuone. Aliyeandika alikuwa na picha ya mtoto mchanga kwenye akaunti yake. Nimeisoma hiyo mara nyingi kuliko ujumbe wowote niliowahi kutumiwa na mpenzi.

Mwenye lodge alipiga simu kutoka alikokuwa. Saa tano meneja akatuita. Akauliza swali moja tu: saa kumi na moja alfajiri nani alikuwa kwenye boila? Hilo ndilo swali aliloliuliza. Hakuuliza nani aliweka moto jioni. Ako akasema, "Nilikuwa mimi." Na kweli alikuwa yeye. Alinyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Mimi niliuchuna.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika mikono nyuma. Nilikuwa nahesabu vitu: kodi, mama, simu niliyokopa. Nimejaribu mara nyingi kuipamba hii sehemu kwamba nilitaka kusema nikakatizwa. Hakuna aliyenikatiza. Saa sita kibarua cha Ako kilikuwa kimeota nyasi. Aliondoka na mfuko wa salfeti na koti lake, akapita kwa walinzi akawapa mkono mmoja mmoja. Mimi alinipa pia.

Jioni hiyo hiyo staa alikuwa laivu kutoka kreta, anacheka, amevaa kofia, anaonyesha pundamilia. Alikuwa ameshasahau. Simsemi vibaya, nasema nilichokiona: kwake ilikuwa asubuhi moja.

Nilikaa wiki tatu ndiyo nikaenda. Nilibeba sukari kilo mbili, sabuni ya mche, na mabuti ya mpira ya Ako aliyoyaacha stoo. Kutoka Karatu mjini mpaka kwetu nilipanda bodaboda, vumbi la mwezi wa nane mnalijua nyie wa huko. Nikamkuta anapukuchua mahindi. Mke wake nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba na akaingia ndani. Chai haikuja. Kwa mtu wa huko hiyo ni hotuba nzima. Nyumba za Wairaqw unaweza kufika ukiwa hujulikani kabisa na kikombe kikakukuta mlangoni.

Nikamwambia Ako yote. Kwamba nilijua ni mimi. Akaendelea kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Mabuti yangu umeyaleta?" Nikampa. Akayageuza akayakung'uta. Halafu akauliza, "Kile kidude umekitoa?"

Nikasema bado kipo.

"Kipo kule kule?"

"Ndiyo Ako."

Akanyoosha mkono na gunzi. "Jua mwezi huu liko wapi saa nane?"

Nikaangalia. Liko juu, limeinamia upande wa kaskazini. Nilikaa hapo kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Wadau, Coventry wako kaskazini mbali, kwao mchana jua liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ni kivuli. Sisi tuko kusini ya ikweta, kama nyuzi tatu na kitu tu. Desemba jua linapita kusini yetu, lakini Juni na Julai, miezi yetu ya baridi, linapita kaskazini. Ule ukuta wangu ulikuwa unachomwa mchana kutwa. Wiki za mawingu hakukuwa na jua la kuuchoma, ndiyo maana kipimo kilisema kweli. Siku anga linapokuwa tupu, ukuta unapata moto kipimo kinadanganya juu, na usiku wake, kwa sababu hakuna wingu la kuzuia joto lisiondoke, baridi inakuwa kali kuliko zote. Kilikuwa kinakosea usiku ule ule ambao hakitakiwi kukosea.

"Nilikuona unakipigilia," Ako akasema. "Nilidhani kinajua."

Sikwambii alisema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningelala.

Nilihamisha kipimajoto ukuta wa kusini siku hiyo hiyo usiku, kwa tochi ya simu. Halafu nikawa narudi kwake, kama mara nne hivi, na kila mara nilirudi na mstari mpya wa jedwali. Kipimo peke yake hakitoshi, alinifundisha, weka na anga. Nyuzi 16 na mawingu, magogo 13. Nyuzi 16 na nyota zinaonekana mapema, magogo 19, na mtu aamke saa nane si saa tisa. Upepo ukitoka msitu wa kreta, ongeza mawili hata kama kipimo kinacheka. Mabomba ya vyumba vya mwisho akanishauri niyafunge kwa magunia na udongo juu, kama paa la tembe. Mke wake mara ya tatu alileta chai. Hakukaa nayo, ila alileta.

Hatukupata tena alfajiri ya baridi. Na kuni zilipungua kweli, kwa sababu usiku wa mawingu tuliacha kuchoma hovyo. Desemba meneja akanisifu mbele ya wote na kuniongeza elfu ishirini. Nilipokea. Nusu nilimtumia Ako kwa M-Pesa, nikafanya hivyo miezi mitatu. Hakurudisha, hakushukuru, hakuuliza ni ya nini. Kumwambia meneja ukweli sikumwambia hata siku hiyo, na nafasi ya Ako ilikuwa imeshapewa kijana mwingine mwenye mtoto. Mnaweza kunisema. Nimejisema kabla yenu.

2023 mwenye lodge aliweka sola ya kuchemshia maji juu ya paa, mapipa yakauzwa chuma chakavu, na mimi nikashuka Arusha mjini nikaanzisha huu ukurasa mnaousoma.

Kwa hiyo mnaponiuliza mbona hutaji majina. Staa nikimtaja, ana mawakili, ana menejimenti, ataposti emoji ya kucheka na wiki itaisha. Lakini nyuma ya kila video kama ile kuna mtu ambaye hana akaunti, na nyie, wadau wangu nawapenda lakini nyie, mkishapewa jina la mahali mnamfikia. Ako mpaka leo hajaiona ile video. Simu yake ni ya kitochi. Hajui kwamba kuna watu maelfu walipenda afukuzwe. Posti bado ipo, nimeiangalia juzi.

Najua mnaanza kubahatisha kwenye komenti. Sitajibu hata moja, na atakayetaja lodge nafuta.

Jumapili iliyopita nilimpigia Ako. Mwaka huu binti yake anafuga vifaranga, na yeye ndiye anayewakalia usiku na jiko la mkaa. Nilimwambia nimeona mahali wanauza kipimajoto kizuri, nimletee? Akasema kipo kimoja, kipo ukuta wa kusini. Halafu akaniuliza, huko Arusha anga likoje jioni hii?

Nilikuwa nimelala kitandani na laptop. Nikamwambia ngoja Ako, nikatoka nje kuangalia.